Chipu ya mbwa bado inasoma? Kwa dokta, skana yako mwenyewe au mtandaoni, ipi inakufaa

Nilimpeleka mbwa wangu Chui chanjo yake ya mwaka, na safari hii nikasema kabla hatujaondoka naomba mumskani nijue kama chipu bado inasoma, maana aliwekewa akiwa na miezi 3 na sasa ana miaka 9 na sikuwahi kuuliza hata siku moja. Kijana wa pale akachukua skana akaipitisha mgongoni mara moja tu, haraka haraka, akaniambia mama, huyu hana chipu. Moyo ulinipiga paa. Namba ninayo mkononi, tarakimu 15, stika yake bado imebandikwa kwenye kitabu cha chanjo, halafu mtu ananiambia hamna kitu. Nikamwambia mwanangu hebu jaribu tena pole pole, shuka mpaka begani, pitia na ubavuni. Akazungusha, akashuka, alipofika karibu na kiwiko cha mguu wa mbele wa kushoto skana ikalia. Namba ile ile.

Yaani chipu ilikuwa nzima miaka yote hiyo, ila kama Chui angepotea akaokotwa na mtu mwenye haraka zake, angeandikwa hana mwenyewe na habari ingeishia hapo. Tangu siku ile nimelifuatilia sana hili jambo, nimejaribu karibu kila njia ya kuhakiki chipu, na nilichokiona ni kwamba wengi tunachagua njia isiyotufaa kwa sababu tunadhani zote zinapima kitu kimoja. Hazipimi kitu kimoja, na hapo ndipo mbwa wanapotupotea.

Kwanza, "inafanya kazi" maana yake nini

Chipu yenyewe ni kidude cha saizi ya punje ya mchele, urefu kama mm 12 na unene kama mm 2, kuna na ndogo zaidi za mm 8. Nje ni kioo, ndani kuna koili ya waya mwembamba sana na kipande kidogo cha elektroniki. Betri haina. Imelala kimya chini ya ngozi mpaka skana ipite karibu na kuirushia mawimbi, hapo ndipo inapata nguvu kidogo ya kujibu, na inachojibu ni namba basi. Haina jina lako wala simu yako, na haijui mbwa yuko wapi. Nimekutana na watu kibao wanaoamini mbwa akipotea watafungua simu wamuone anakatiza mtaa gani, hapana jamani, hiyo ni GPS, kifaa kingine kabisa kinachovaliwa shingoni na kuchajiwa kama simu.

Sasa kwa kuwa inatoa namba tu, lazima kuwe na rejista mahali inayosema namba hii mwenyewe ni fulani na simu yake ni hii. Kwa hiyo maswali ni mawili. Skana ikipita, inaisoma? Na namba ikiingizwa kwenye rejista, inatoa simu yangu ninayoitumia leo? Upande wa kwanza ni mgumu kuharibika, hakuna betri ya kuisha, chipu kufa yenyewe mwilini inatokea ila ni nadra. Upande wa pili unakufa kirahisi mno, unabadilisha laini, unahama, unampa mdogo wako mbwa, na hakuna anayekumbuka kwamba kuna rejista mahali bado inaonyesha namba ya simu uliyoacha kuitumia miaka 6 iliyopita.

Na hili si hisia zangu tu. Mwaka 2009 ulitoka utafiti Marekani uliofuatilia wanyama 7,704 wenye chipu walioingia kwenye vituo 53 vya wanyama waliopotea. Mbwa wenye chipu waliookotwa walirudi kwao asilimia 52.2, wakati kwa mbwa wote waliookotwa kwa ujumla ni asilimia 21.9. Yaani chipu inasaidia kweli kweli. Lakini pale ambapo chipu ilisomeka na mwenyewe bado hakupatikana, sababu iliyoongoza ilikuwa namba ya simu kwenye rejista siyo sahihi au imeshakatwa. Chipu ilijibu vizuri, ila upande wa pili hakukuwa na wa kupokea.

Kwa daktari wa mifugo

Hii ndiyo njia ninayoipa uzito kwa swali la kwanza, na sababu kubwa ni skana zenyewe. Kliniki nyingi zina skana inayosoma masafa yote ya mawimbi ya chipu za wanyama, 125, 128 na 134.2 kHz, kwa hiyo ikikaa kimya baada ya kutafutwa vizuri kimya hicho kina maana. Halafu mbwa yuko pale tayari kwa ajili ya chanjo, huongezi safari nyingine, na mwambie dokta aandike kwenye faili kwamba tarehe fulani chipu imesomeka na ilikuwa sehemu gani.

Udhaifu wake ni mkono wa anayeskani, kama ilivyotokea kwa Chui. Skana inasoma karibu, sentimita chache tu, hata nzuri haiendi mbali, na pia inategemea chipu imelalia upande gani, ikiwa imekaa vibaya kwa skana unaweza kupita juu yake kabisa na isilie. Kwa hiyo usione haya kuomba wafanye hivi: mkanda wa shingoni utolewe hasa kama una chuma, skana iwe na chaji ya kutosha, msogee mbali kidogo na kompyuta na taa za mirija kwa sababu vinaweza kuisumbua, halafu skana iguse manyoya na iende pole pole kwa kuyumba yumba kama nyoka kuanzia nyuma ya kichwa mpaka kiunoni, kisha mabega yote mawili, ubavu, kifua, mpaka miguu ya mbele. Wakimaliza wageuze skana upande mwingine warudie. Najua inachukua muda. Ila mimi nilimwambia tu dokta, "nikuombe kitu kimoja, naomba tumpitie mwili mzima, huyu chipu yake inatembea," na hakuna aliyenuna.

Kutembea kwa chipu ni kitu cha kawaida kuliko watu wanavyodhani. Mbwa huwekewa katikati ya mabega, chini ya ngozi, na kwa nchi nyingi za Ulaya bara wanaiweka shingoni upande wa kushoto. Lakini ngozi ya mbwa ni legevu, na kabla nyama haijaishika chipu vizuri inaweza kuteleza ikashukia begani, kifuani au mguuni kama ya kwetu. Kuna chipu zinazopakwa kitu cha kupunguza kuteleza, inasaidia, ila hata hizo zisikufanye uruke mabega na miguu wakati wa kutafuta.

Kingine, namba ikitokea kwenye kioo usikubali kuambiwa "ipo mama, iko sawa". Omba uione kwa macho yako, uilinganishe tarakimu kwa tarakimu na ile ya kwenye kitabu. Tarakimu 15 zenye sifuri zimefuatana katikati, mtu anayeandika kwa mkono anakosea kirahisi, na kosa likiingia siku ile ya kwanza basi umesajili mbwa ambaye hayupo.

Ila sasa kumbuka, dokta amekujibu swali la kwanza tu. Watu wanatoka pale wameridhika kwamba chipu iko poa na wanarudi nyumbani bila kugusa rejista.

Skana yako mwenyewe

Nimeishia kununua moja, na inanipa amani, lakini siwezi kumwambia kila mtu anunue. Ugumu uko kwenye masafa. Chipu za siku hizi nyingi zinafuata viwango vya kimataifa vya ISO 11784 na 11785, zinasoma kwenye 134.2 kHz na namba yake ni tarakimu 15, tatu za mwanzo zikiwa msimbo wa nchi au wa mtengenezaji, kwa mfano 250 ni Ufaransa, na kuanzia 900 hadi 998 ni misimbo ya watengenezaji. Chipu za zamani zina tarakimu 9 au 10 na nyingi zinatumia 125 kHz, na baadhi zimefichwa kwa usimbaji kiasi kwamba siyo kila skana inazifungua. Zile skana ndogo za bei rahisi nyingi zinasoma 134.2 tu au hiyo na aina chache za 125. Kwa hiyo kabla hujanunua angalia namba ya mbwa wako ina tarakimu ngapi. Kama ni 15, skana ndogo inayotaja ISO na FDX-B (jina la aina hiyo ya chipu za tarakimu 15) itakufaa. Kama ni 9 au 10, usihangaike, nenda kwa dokta.

Na hapa ndipo watu wanajiumiza roho bure: skana ya nyumbani ikilia na kutoa namba, hilo ni jibu la uhakika. Ikikaa kimya, siyo jibu. Inawezekana chipu ni ya masafa mengine, chaji imepungua, au umepita sehemu isiyo sahihi. Ndio maana mimi kabla ya kuhangaika naijaribu kwanza kwa mbwa mwingine ambaye najua chipu yake inasoma, ikilia kwake ndiyo narudi kwa yule mwingine.

Faida yake kubwa kwa kweli siyo kwa mbwa mzee kama Chui, ni kwa kitoto aliyetoka kuwekewa. Siku za mwanzo mwanzo chipu inaweza kutoka kupitia kitundu kile kile cha sindano, haionekani inaanguka, ni ndogo, inapotelea kwenye majani na wewe umeshalipia na una cheti. Ukiwa na skana unampitia siku ile ile, wiki inayofuata, mwezi ule, unaona ipo na haijahama. Kama huna, basi omba tu kliniki wafanye mara tatu: waskani chipu ikiwa bado ndani ya sindano, waskani baada ya kuiweka, na waskani tena mkirudi kwa chanjo inayofuata. Na kabla ya yote wamskani mbwa mwenyewe, hasa kama umempata ukubwani, huenda tayari anayo.

Wanaofuga mbwa wengi, wanaozalisha, wanaosaidia mbwa wa mitaani, na walio mbali na kliniki, hawa nawashauri kabisa wanunue. Mwenye mbwa mmoja anayeenda chanjo kila mwaka, hapana, pesa hiyo ifanyie kingine.

Kuangalia mtandaoni

Hii ndiyo inayopuuzwa na ndiyo inayookoa. Haikugharimu kutoka nyumbani, mbwa anaweza kuwa amelala zake, wewe una namba na simu tu. Unaingiza namba kwenye tovuti za kutafuta, Marekani kuna ile ya AAHA, chama cha hospitali za wanyama, Ulaya kuna Europetnet inayounganisha rejista za nchi mbalimbali, na inakuonyesha chipu hiyo iko kwenye rejista gani. Usishtuke usipoona jina lako pale, hazionyeshi jina wala simu kwa kila mtu na ni vizuri hivyo. Kinachotakiwa ni ujue rejista, halafu uende kwenye rejista yenyewe uingie kwenye akaunti yako.

Hapa kuna mtego. Majibu mengine yanakuonyesha tu kampuni iliyotengeneza chipu, na mtu anaona jina la kampuni anafurahi kwamba amesajiliwa. Siyo hivyo. Kuna chipu nyingi zimewekwa, cheti kimetolewa, na hakuna aliyewahi kujaza fomu ya mwenyewe, kliniki ilidhani utajaza wewe, wewe ulidhani wamejaza wao. Au imesajiliwa kwa jina la aliyekuuzia, na mbwa akipatikana atapigiwa yeye. Kwa hiyo ingia ndani, ona jina lako, ona simu, halafu ipigie ile namba kama ilivyoandikwa pale, usiipige kutoka kichwani. Tarakimu moja imerukwa na hungejua kamwe. Na weka mtu wa pili, ndugu au jirani mnayeaminiana, kwa sababu siku ya kupotea mbwa huenda ndiyo siku simu yako imezima.

Rejista zenyewe pia siyo za milele. Mapema mwaka 2025 kampuni moja ya chipu Marekani ilifunga shughuli, na watu waliokuwa wamesajili mbwa na paka zao kwake ikabidi wasajili upya kwingine, chipu mwilini nzima kabisa ila namba haielekezi popote. Hakuna skana duniani ingekuonyesha tatizo hilo, ungemskani kila wiki na kila wiki ingelia vizuri.

Udhaifu wa njia hii nadhani unaonekana: haijui kama chipu bado iko ndani ya mbwa. Rejista inaweza kuwa safi kabisa na chipu ilianguka miaka 8 iliyopita.

Simu ya kawaida, je?

Haiwezi. Naulizwa sana hili kwa hiyo niliseme wazi. Ile NFC ya kwenye simu, ya kusoma kitu kwa kukigusisha, inatumia 13.56 MHz, chipu ya mbwa ni 134.2 kHz, ni kama mara 100 tofauti, hazisikilizani. Zile apu zenye jina la skana ya chipu, ama zinahitaji uunganishe skana ya pembeni kwa bluetooth, ama ni sehemu ya kuandika namba tu itafutwe kwenye rejista. Kuweka simu mgongoni kwa mbwa na kungoja ni kujidanganya, na mbaya zaidi ni kumdanganya aliyeokota mbwa wa mwenzio akaamua hana chipu.

Vituo vya wanyama waliopotea na sehemu za kulaza mbwa nazo huwa na skana na wengi ukiomba kwa ustaarabu watakupitishia. Ni sawa kama uko karibu nao. Hesabu yake ni ile ile ya kwa dokta, tofauti ni kwamba haiingii kwenye faili la mbwa.

Ikikaa kimya kabisa

Skana mbili tofauti, mtu makini, mwili mzima, na bado kimya. Hapo ndipo eksirei inaingia, siyo kabla. Chipu ina chuma ndani kwa hiyo kwenye picha inaonekana wazi, nyeupe, huwezi kuikosa. Ila picha inasema ipo au haipo, haisemi kama inajibu. Ikionekana, skana irudishwe pale pale ilipo. Ikikataa hapo basi imekufa. Isipoonekana popote, ilishatoka. Kwa vyovyote vile anawekewa mpya. Na kama mbwa anapigwa eksirei kwa sababu nyingine, ya mguu au ya kifua, tumia nafasi hiyo umwambie dokta akuonyeshe chipu iko wapi, utajua bila kuongeza kitu.

Basi uchague ipi

Kama una dakika kumi tu leo na hujawahi kuhakiki, anza na rejista. Najua watu wanategemea niseme skana kwanza, lakini uwezekano mkubwa tatizo lako liko kwenye namba ya simu na unaweza kulimaliza ukiwa umekaa. Halafu skana ya dokta mara moja kwa mwaka pamoja na chanjo, hiyo inatosha kwa mbwa wengi. Kitoto kilichowekewa juzi, geuza, skana kwanza na mara kwa mara. Mbwa uliyempata ukubwani, vyote viwili wiki ile ile, kwa sababu hujui wala chipu wala jina lililoko kwenye rejista.

Anayesafiri na mbwa ndiye asicheze kabisa. Kuingia nchi za Umoja wa Ulaya chipu lazima iwe imewekwa kabla ya chanjo ya kichaa cha mbwa au siku hiyo hiyo, na chanjo ya kwanza inahesabiwa baada ya siku 21. Marekani nao tangu tarehe 1 Agosti 2024 wanataka kila mbwa anayeingia awe na chipu inayosomeka. Sasa fikiria unagundua uwanja wa ndege kwamba haisomi. Chipu mpya maana yake karatasi zote za chanjo zina namba ambayo haisomeki tena kwenye mwili wa mbwa, na unaweza kulazimika kuanza upya. Mskani miezi kadhaa kabla, uwe na muda wa kurekebisha.

Na ukiongezewa chipu ya pili usifute namba ya kwanza kwenye rejista. Chipu iliyojificha leo inaweza kusomwa kesho na skana nyingine, mtu akaipata hiyo ya zamani tu na kuacha kutafuta, kwa hiyo namba zote mbili ziwe na simu yako ile ile, na kila moja itaje kwamba kuna nyingine.

Kwenye rejista nyingi kuna sehemu ya maelezo ya ziada ambayo karibu kila mtu anaiacha wazi. Ya Chui nimeandika: chipu imeshuka, tafuta mguu wa mbele wa kushoto karibu na kiwiko. Na kwa kuwa mwenye skana anaanza kutafuta kabla hajafika kwenye rejista, maneno hayo hayo nimeyaandika nyuma ya kibati cha shingoni, chini ya namba ya simu.